Mgeni na Mwenyeji katika Key West

Kisiwa cha Key West, kilicho katika ncha ya kusini ya Florida, Marekani, kimezoea kupanda na kushuka kama maji yakizungukayo. Katika karne ya 19 kilitajirika kwa kuokoa shehena za merikebu zilizovunjika miambani, kisha kwa kazi ya sigara. Mwaka 1934 mji ulifilisika. Mwaka 1974 kambi ya wanamaji ilifungwa. Mabaharia wakaondoka, maduka yakapoteza wanunuzi, na nyumba nyingi za mbao zilikuwa zikioza.

Wengi wa wageni walioingia wakati huo walikuwa wanaume wapendao wanaume, wakitafuta mahali pa kuishi bila kujificha. Mwandishi wa tamthilia, Tennessee Williams, alikuwa amewatangulia miaka mingi. Walinunua nyumba kwa bei rahisi, wakatengeneza mapaa, wakapaka rangi, wakafungua nyumba za wageni. Watalii wakafuata. Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Na mwenyeji akapona kweli.

Heshima ya biashara ikazaa heshima ya siasa. Mwaka 1983 Richard Heyman, mwenye duka la picha za sanaa, alichaguliwa kuwa meya, naye ni miongoni mwa watu wa kwanza katika Marekani kushika cheo hicho bila kuficha mapenzi yao ya jinsia moja. Lakini miaka ile ile UKIMWI uliingia ukaua wengi. Heyman naye alikufa kwa maradhi hayo mwaka 1994.

Msiba wa pili ulivaa sura ya neema. Nyumba zilizofufuliwa zilitamaniwa na matajiri, bei zikapanda, na wenye kipato kidogo wakashindwa kukaa. Vijana nao waliona miji mingine ikiwapokea, wasiwe tena na haja ya kukimbilia kisiwani. Baadhi ya nyumba zilizopokea wanaume hao peke yao ziliuzwa, au zikafunguliwa kwa watu wote.

Mwaka 2000 baraza la mji lilikubali kuwa msimamo wake rasmi ni kwamba binadamu wote ni jamaa moja. Mwaka 2018 alichaguliwa meya Teri Johnston, mwanamke asiyeficha kuwa apenda wanawake. Basi heshima ilidumu hali nafasi ya kukaa ikipungua. Baraza laweza kumkaribisha mgeni kwa maandishi. Asipopata chumba anachoweza kukilipia, ukaribisho huo huishia mlangoni.