Lenzi za Mishumaa

Thamani ya chombo ni bei yake sokoni, au ni kazi kinayoifanya? Historia ya filamu inalo jibu.

Katika miaka ya 1960, kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ilitengeneza lenzi 10 tu za milimita 50 zenye uwezo wa ajabu wa kupokea mwanga hafifu. Shirika la NASA lilichukua 6. Baadaye Stanley Kubrick akapata 3. Mwingine angezifungia kabatini kama hazina. Kubrick alitaka kupiga baadhi ya matukio ya filamu ya Barry Lyndon kwa mwanga wa mishumaa pekee.

Lenzi hizo hazikuingia kwenye kamera yake. Fundi Ed DiGiulio alimwonya kwamba kamera ikishachongwa ili izipokee, haitafaa tena kwa lenzi nyingine. Kubrick aliridhia hasara hiyo. Filamu ilitoka mwaka 1975, na mpiga picha wake, John Alcott, akatunukiwa Oscar.

Ndugu msomaji, ni vifaa vingapi vya umma vimo maboksini hadi leo, eti visichakae, ilhali mwananchi yuko foleni? Kutunza mali si kuinyima kazi.