Nyayo, Shaba na Maua: Historia ya Njia za Pwani ya Namaqualand na Hatima ya Majina Yake

Ikisiri

Kila mwaka, mwezi wa Agosti na Septemba, pwani ya kaskazini-magharibi ya Afrika Kusini hufunikwa na maua ya porini, na wageni hufurika kuyatazama kwa miguu na kwa magari. Makala haya yanafuatilia historia ya njia wanazozipita. Hoja kuu ni kwamba karibu kila njia inayotangazwa leo kuwa njia ya maua ilichongwa kwa haja nyingine: malisho, shaba, au ulinzi wa almasi. Historia hiyo imehifadhiwa zaidi katika majina ya mahali kuliko katika vibao vya watalii. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera kuhusu lugha ya vibao, ramani na maelezo ya waongoza wageni.

1.0 Utangulizi

Namaqualand ni eneo la nusu jangwa lililo kando ya Bahari ya Atlantiki, ambalo kaskazini linaishia kwenye Mto Orange, mpakani mwa Namibia. Mvua yake ni haba na hunyesha wakati wa baridi. Mara baada ya mvua hizo, mbegu zilizolala ardhini huota kwa pamoja, na nchi iliyokuwa na rangi ya vumbi hugeuka kuwa ya manjano, chungwa na nyeupe. Eneo hili lina zaidi ya spishi 3,000 za mimea, na nyingi kati ya hizo hazipatikani kwingineko duniani. Maua mengi hufumbuka jua linapowaka na hujifunga siku ya mawingu. Tena huelekea jua lilipo. Ndiyo maana wageni hushauriwa kulipa jua mgongo wanapotembea, ili wayaone maua uso kwa uso.

Ushauri huo unatosha kwa mtalii. Mtafiti, hata hivyo, hana budi kuuliza swali la pili: njia hii anayoipita ilitengenezwa na nani, na kwa ajili gani? Swali hili lina uzito wa kisera. Anayeandika kibao cha njia ndiye anayeamua historia ipi isomwe na ipi isahaulike.

2.0 Njia za Wafugaji

Ushahidi wa kutembea katika pwani hii ni wa kale mno. Mwaka 1995, kando ya wangwa wa Langebaan, kusini mwa Namaqualand, mwanajiolojia David Roberts aligundua nyayo za binadamu zilizogandishwa katika mwamba wa mchanga. Nyayo hizo zinakadiriwa kuwa na umri wa miaka 117,000 hivi. Mwamba wenyewe uliondolewa na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho jijini Cape Town. Eneo zilikopatikana limo katika Hifadhi ya Taifa ya Pwani ya Magharibi, ambayo sehemu yake ya Postberg hufunguliwa kwa wageni katika msimu wa maua pekee.

Kaskazini zaidi, katika pango la Spoegrivier lililo karibu na bahari, wanaakiolojia wamepata mifupa ya kondoo ya tangu takriban miaka 2,000 iliyopita. Hiyo ni miongoni mwa ithibati za awali kabisa za ufugaji katika sehemu hiyo ya bara letu. Wafugaji Wakhoekhoe, ambao Wanama ni tawi lao, walihama kwa majira kati ya milima ya Kamiesberg na nyanda za pwani, wakifuata maji na majani. Kwao, ardhi iliyochanua ilikuwa na maana ya malisho. Nyumba zao za mikeka ziliweza kukunjwa na kubebwa, na njia zao zilipita kutoka chemchemi hadi chemchemi.

Uhamaji huo haujakoma kabisa. Katika Richtersveld, kwenye ncha ya kaskazini ya eneo hili, jamii za Wanama zimeendelea nao, na mwaka 2007 UNESCO iliiweka mandhari hiyo katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

3.0 Njia za Shaba

Wazungu wa Rasi ya Tumaini Jema waliifahamu shaba ya kaskazini kupitia kwa Wanama wenyewe. Tarehe 25 Agosti 1685, Gavana Simon van der Stel aliondoka Cape na msafara wa magari ya kukokotwa kwenda kuitafuta Milima ya Shaba. Tarehe hiyo inaangukia katikati ya msimu wa maua, na katika msafara alikuwamo mchoraji Hendrik Claudius, aliyechora mimea na wanyama wa njiani. Hata hivyo, lengo la safari lilikuwa madini. Msafara uliifikia shaba mwezi wa Oktoba na kuchimba mashimo karibu na mahali ulipo mji wa Springbok leo. Umbali, ukame na ukosefu wa bandari nzuri viliifanya shaba hiyo isichimbwe kibiashara kwa zaidi ya miaka 160.

Mambo yalibadilika katika karne ya 19. Mwaka 1847, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilisogeza mpaka wa koloni hadi Mto Orange. Miaka mitano baadaye, mwaka 1852, uchimbaji wa kibiashara ulianza. Shaba ilihitaji kufika baharini, na kwa sababu hiyo zikajengwa njia mbili ambazo bado zinaathiri ramani ya utalii.

Ya kwanza ni ile ya mlimani kuelekea bandari ndogo ya Hondeklip, iliyojengwa miaka ya 1860 kwa kazi ya wafungwa. Kuta zake za mawe yaliyopangwa kwa mkono zingali zimesimama, na magofu ya gereza yapo kando yake. Leo hupitiwa na magari ya wageni wanaotafuta mandhari. Kwa Kiafrikana inaitwa Messelpad, yaani njia ya uashi. Jina limeyahifadhi mawe, lakini wafungwa walioyapanga hawamo. Njia ya pili ni reli nyembamba ya takriban kilomita 150 kutoka Port Nolloth hadi Okiep, iliyokamilika mwaka 1876, ambayo mabehewa yake yalikokotwa na nyumbu hapo mwanzo.

4.0 Uzio wa Almasi na Zulia la Maua

Baada ya almasi kugunduliwa katika miaka ya 1920, sehemu kubwa ya pwani ilifungwa. Wafugaji waliokuwa wakishuka baharini walikutana na uzio. Kwa miongo mingi ufuo huo ulikuwa wa kampuni na walinzi wake. Sehemu iliyo kati ya mito ya Groen na Spoeg, ambayo sasa ni ukanda wa pwani wa Hifadhi ya Taifa ya Namaqua, imefunguliwa kwa watembeaji na magari katika miaka ya karibuni tu. Kwa upande wa Richtersveld, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2003 kwamba jamii hiyo ilikuwa na haki ya umiliki wa ardhi kwa sheria zake za jadi, na kwamba haki hiyo haikufutwa na utwaaji wa mwaka 1847.

Hata maua yenyewe yana historia ya kibinadamu. Mazulia yanayopigwa picha zaidi huota katika mashamba ya ngano yaliyoachwa, kwa kuwa maua ya msimu mmoja hustawi pale ardhi ilipochimbuliwa. Kwa hiyo, sehemu ya kile ambacho mgeni hukiona kuwa nchi isiyoguswa ni alama ya jembe.

5.0 Majina kama Kumbukumbu

Mahali ambapo vibao vimenyamaza, majina husema. Jina la eneo lenyewe ni la Wanama, likiwa na kiambishi tamati ambacho Waholanzi walikiandika -qua. Okiep hufasiriwa kuwa chemchemi kubwa yenye maji ya chumvichumvi. Garies ni jina lililotokana na nyasi. Mto Orange kwa Kinama ni !Garib, yaani mto, jina ambalo likiandikwa Gariep hupoteza kidoko chake cha mwanzo. Majina ya Kiafrikana nayo hufuata mkondo uleule: Springbok uliitwa awali Springbokfontein, yaani chemchemi ya swala, na Leliefontein, palipoanzishwa misheni mwaka 1816, ni chemchemi ya mayungiyungi.

Kinachojitokeza ni kwamba majina mengi ya vituo hivi yanazungumzia maji na majani, mambo mawili yaliyomwongoza mfugaji. Orodha ya majina, ikisomwa kwa mpangilio, ni ramani ya njia za malisho. Lakini Kinama kimefifia katika vijiji vingi vya kusini mwa eneo hili, ambako wajukuu wa wazungumzaji wake sasa hutumia Kiafrikana. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inaiagiza bodi ya lugha ikuze lugha za Khoi, Nama na San, ingawa hazimo katika orodha ya lugha rasmi.

Inaweza kudaiwa kwamba kibao cha Kinama hakina faida pale ambapo wakazi wengi hawakisemi tena. Dai hili linasahau kwamba majina yamo tayari kwenye vibao. Kilichokosekana ni tahajia yake kamili na maana yake. Kuyaongeza hayo hakuhitaji njia mpya wala bajeti kubwa.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonesha kwamba njia za maua za Namaqualand ni tabaka za historia: nyayo za wafugaji, magari ya shaba, jasho la wafungwa na uzio wa almasi. Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vibao vya njia viandike jina la Kinama kwa tahajia yake kamili pamoja na maana. Pili, maelezo ya njia kama Messelpad yawataje waliofanya kazi. Tatu, waongoza wageni watoke katika jamii zenye kumbukumbu hizo, na wafundishwe lugha sambamba na elimu ya mimea.

Funzo hili linatuhusu nasi. Afrika Mashariki ina mandhari yake ya maua, kama vile Kitulo nchini Tanzania, ambako wenyeji walikwisha kutoa jina la Bustani ya Mungu kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 2005. Nchi zetu zinapopanua utalii wa kutembea, na Kiswahili kinapochukua nafasi kubwa zaidi katika shughuli za Jumuiya, kuna hatari kwamba lugha yetu hii kubwa itazifanyia lugha ndogo yale ambayo Kiafrikana kilikifanyia Kinama. Kabla ya kusimika kibao cha Kiswahili penye njia ya kale, mshauri wa sera aanze kwa kumuuliza mzee wa mahali hapo: njia hii mnaiitaje?