Peni Nne

Jioni ile tulimfuata mwongoza watalii katika vichochoro vya Whitechapel, mashariki mwa London. Kila kona alimtaja Jack the Ripper, muuaji ambaye hadi leo hajulikani ni nani. Wenzangu walipiga picha. Nami nilipiga.

Tulipofika Durward Street, zamani Buck's Row, nikaona haya. Hapa, alfajiri ya 31 Agosti 1888, ilikutwa maiti ya Mary Ann Nichols, mama wa watoto watano. Saa chache kabla alikuwa ametolewa nje ya nyumba ya kulala wageni kwa kukosa peni nne za kitanda.

Sisi tulilipa pauni kadhaa kusikiliza jinsi alivyokufa, kisha tukarudi hotelini kulala.