Kugonga kwa Injini na Dawa Iliyokuwa Sumu

Ewe msomaji, sikiliza gari dogo lenye abiria wengi linapopanda mlima. Yumkini utasikia ndani ya injini mlio mkali kama wa misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Mafundi husema kuwa injini inagonga. Mlio huo ni mdogo, lakini habari zake ni kubwa: uliwahangaisha wataalamu, uliwatajirisha wafanya biashara, na dawa iliyotafutwa ili kuunyamazisha iliitia sumu hewa ya dunia kwa karibu miaka 100.

Kwanza tufahamu asili ya mlio wenyewe. Ndani ya silinda, pistoni hugandamiza mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli, kisha cheche ya plagi huuwasha. Moto unapoenda kwa taratibu yake, hutambaa kutoka kwenye plagi hadi pembeni, na pistoni husukumwa chini kwa nguvu iliyo sawa. Lakini joto na mgandamizo vikizidi, mchanganyiko uliobaki pembeni hauingoji zamu yake, bali huripuka wote kwa mara moja. Mshindo wa mripuko huo ndio tunaousikia, nao ukidumu huweza kutoboa pistoni.

Taabu hiyo iliwazuia watengenezaji wa magari katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Walijua kwamba injini yenye mgandamizo mkubwa hutoa nguvu nyingi kwa petroli kidogo, lakini kila walipouongeza mgandamizo, injini iligonga. Charles Kettering wa Marekani, aliyebuni kiwashio cha umeme kilichotiwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, alilaumiwa kuwa mtambo wake ndio ulioleta kelele. Alimpa msaidizi wake, Thomas Midgley, kazi ya kutafuta ukweli. Midgley aligundua kwamba kosa halikuwa la umeme, bali la petroli yenyewe. Huko Uingereza, Harry Ricardo naye aliufikia ukweli huo kwa njia yake mwenyewe.

Midgley alijaribu vitu vingi. Iodini ilifaa, lakini ilikuwa ghali na iliyala madini ya injini. Tarehe 9 Desemba 1921 alijaribu kiowevu kiitwacho risasi ya tetraethili, na injini ikanyamaza. Kiasi kidogo sana kilitosha galoni nzima ya petroli. Tarehe 2 Februari 1923 petroli hiyo iliuzwa kwa mara ya kwanza mjini Dayton, Ohio. Ilipewa jina la Ethyl, na neno risasi halikutajwa katika jina hilo.

Usidhani, msomaji, kwamba hatari haikujulikana. Tangu zamani za kale watu walijua kuwa madini ya risasi ni sumu. Tena Midgley alijua kwamba pombe kali iliyotiwa katika petroli huzuia kugonga. Mwezi Oktoba 1924, wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa kwa sumu hiyo, na wenzao wengi walilazwa hospitali, baadhi yao wakiwa wamerukwa na akili. Mwezi huo huo Midgley alinawa kiowevu hicho mikononi mbele ya waandishi wa magazeti ili kuwatoa hofu, ingawa mwaka uliotangulia yeye mwenyewe aliugua kwa risasi. Mwaka 1925 daktari Alice Hamilton alionya katika mkutano wa Washington kwamba hatari ya jambo hilo ingewafika watu wote. Hakusikilizwa, na mwaka 1926 biashara iliendelea.

Tangu hapo risasi ilitoka katika mikia ya magari ya kila bara, ikaingia katika mavumbi, katika vyakula, na katika damu ya watoto, ambao huharibiwa nayo akili kuliko watu wazima. Mwaka 1965 Clair Patterson, mwanachuoni aliyekwisha kuupima umri wa dunia, alionyesha jinsi binadamu walivyojazwa risasi isiyo ya kawaida. Wenye biashara walimpinga, lakini ushahidi uliwashinda. Marekani iliipiga marufuku petroli hiyo katika magari ya barabarani mwaka 1996. Kenya iliiacha mwaka 2006. Aljeria ilikuwa ya mwisho, mwezi Julai 2021. Habari hizo njema zilitangazwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kutoka makao yake ya Nairobi.

Je, injini zilirudia kugonga? La. Petroli husafishwa vizuri zaidi, na uwezo wake wa kustahimili mgandamizo hupimwa kwa namba ya oktani. Katika magari mengi ya siku hizi kimo kifaa kinachousikia mgongo wa kwanza na kuichelewesha cheche. Na gari lako likigonga, uchunguze kabla ya kununua dawa ya chupa. Mlio ukija mlimani na kutoweka uinuapo mguu, tazama oktani ya petroli, majira ya cheche, maji ya kupozea, aina ya plagi, na masizi yaliyoganda ndani ya silinda. Lakini ukiwa mzito, ukidumu hata katika tambarare, zima injini upesi upime mafuta yake, kwani huenda beringi zimekwisha.

Kunyamazisha kelele si kuponya ugonjwa. Waliotangulia walitosheka na ukimya wa injini, wala hawakuuliza moshi ulikwenda wapi. Basi kila uonyeshwapo dawa iliyo rahisi, uliza pia ni nani atakayeilipia gharama yake.