Holden na Ford: Uhasama wa jadi uliozimwa na wenye mali wa ng'ambo

NCHINI Australia, kwa zaidi ya nusu karne, gari alilonunua mtu lilitosha kumtambulisha mbele ya majirani. Kulikuwa na watu wa Holden na watu wa Ford, na mara chache mmoja alivuka akajiunga na upande wa pili. Ushabiki huo ulirithishwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana, mithili ya ule wa Gor Mahia na AFC Leopards humu nchini.

Hata hivyo, tangu Oktoba 2017 hakuna kiwanda kikubwa kinachounda magari ya abiria nchini Australia. Nembo ya Holden yenyewe ilifutwa na wenyewe. Wapenzi wa kampuni hizo mbili walishindana kwa miaka mingi kuhusu ipi bora, ilhali uamuzi kuhusu uhai wake ulikuwa mikononi mwa watu walioishi Marekani, maelfu ya kilomita kutoka Melbourne na Adelaide.

Makala haya yanaeleza chimbuko la uhasama huo, tetesi za kuuzwa kwa kampuni zilizouandama, na sababu zilizoleta kikomo chake.

ASILI YA MAHASIMU

Holden ilianza mwaka 1856 kama biashara ya matandiko ya farasi. Mwanzilishi wake, James Alexander Holden, alikuwa mhamiaji kutoka Uingereza aliyefungua duka mjini Adelaide, Australia Kusini. Magari yalipoanza kuchukua nafasi ya farasi, jamaa zake waligeukia kazi ya kuunda bodi za magari yaliyoagizwa kutoka nje.

Mdororo mkuu wa uchumi ulipoikumba dunia, kampuni hiyo ilidhoofika. Mnamo 1931 ilitwaliwa na General Motors (GM) ya Marekani na kuwa General Motors-Holden's. Ina maana kuwa Holden ilikuwa mali ya Wamarekani miaka 17 kabla ya kuunda gari lililokuja kuitwa gari la Australia.

Gari hilo, Holden 48-215, lilizinduliwa Novemba 29, 1948 na Waziri Mkuu Ben Chifley huko Fishermans Bend, Melbourne. Ingawa msingi wa muundo wake ulitoka Detroit, wananchi walilipokea kama fahari ya taifa lililokuwa limetoka vitani. Kufikia mwisho wa miaka ya hamsini, karibu nusu ya magari mapya nchini humo yalikuwa Holden, na mnamo 1962 kampuni hiyo ilitoa gari lake la milioni moja.

Ford nayo ilikita mizizi mjini Geelong, jimbo la Victoria, mnamo 1925. Huko ndiko mhandisi Lew Bandt alikobuni pikapu ya kwanza ya Australia, iliyoanza kuuzwa mwaka 1934. Inasimuliwa kuwa chanzo chake kilikuwa barua ya mke wa mkulima aliyetaka gari moja la kumpeleka kanisani Jumapili bila kuloa mvua, kisha Jumatatu libebe nguruwe hadi sokoni.

Mnamo 1960 Ford ilianza kuunda Falcon ili kupambana na Holden. Mwaka 1978 Holden ilijibu kwa Commodore. Majina hayo mawili ndiyo yaliyobeba uhasama huo hadi mwisho.

VITA VYA MLIMANI

Uwanja mkuu wa mapambano ulikuwa Bathurst, mji ulio magharibi mwa Sydney, ambako magari hukimbia kuzunguka Mount Panorama. Kwa kampuni hizo, mashindano hayo yalikuwa soko. Iliaminika kuwa gari lililoshinda Jumapili lingenunuliwa Jumatatu.

Mnamo 1967 Ford ilishinda kwa Falcon yenye injini ya silinda nane. Mwaka uliofuata Holden ililipiza kisasi kwa gari lake jipya, Monaro. Kuanzia hapo kila upande ulipata mashujaa wake. Peter Brock wa Holden alishinda mara tisa kati ya 1972 na 1987, akaitwa Mfalme wa Mlima. Alifariki Septemba 2006 katika ajali ya mbio za magari Australia Magharibi, na taifa zima likamlilia.

Dick Johnson alikuwa kipenzi cha watu wa Ford. Mwaka 1980 alikuwa akiongoza mbio hizo gari lake lilipogonga jiwe lililokuwa barabarani na kuharibika vibaya. Mashabiki waliomwona akilia kwenye televisheni walichanga fedha, na Ford ikaongeza kiasi sawa na walichochanga. Mwaka 1981 alirejea na kushinda.

Mapenzi hayo yalikuwa na ukali wake pia. Mwaka 1992 Jim Richards na Mark Skaife walishinda kwa Nissan GT-R, gari la Japani, nao wakazomewa na umati walipopanda jukwaani kupokea kombe. Mwaka uliofuata kanuni mpya ziliyapa nafasi ya mbele magari ya Holden na Ford yenye injini za silinda nane.

NEMBO ZAPACHIKWA MAGARI YA WENGINE

Wakati mashabiki wakizozana, ofisi za kampuni hizo zilikuwa zikifanya mambo ambayo yangewashangaza.

Katika miaka ya themanini, Australia ilikuwa na kampuni tano zilizounda magari: Ford, Holden, Toyota, Nissan na Mitsubishi. Zote ziligawana soko dogo. John Button, waziri aliyehusika na viwanda, aliona kwamba hazingemudu kushindana na dunia. Mpango wake ulilenga kupunguza ushuru wa forodha hatua kwa hatua na kupunguza aina za magari yaliyoundwa nchini kutoka 13 hadi sita, huku kampuni zikihimizwa kuungana.

Hapo ndipo Holden na Toyota zilipofunga ndoa mwishoni mwa miaka ya themanini. Toyota Camry iliuzwa kwa nembo ya Holden ikiitwa Apollo, na Corolla ikiitwa Nova. Commodore nayo, roho ya Holden, iliuzwa na Toyota kwa jina Lexcen. Jina hilo lilitoka kwa Ben Lexcen, aliyebuni mashua ya matanga ya Australia II iliyotwaa Kombe la Amerika mwaka 1983. Ford na Nissan zilifanya vivyo hivyo, pikapu ya Falcon ikauzwa kama Nissan nayo Nissan Pintara ikauzwa kama Ford Corsair.

Wanunuzi hawakudanganyika. Wengi walipendelea gari lenye nembo ya aliyeliunda, na ndoa ya Holden na Toyota ikavunjika mwaka 1996. Funzo lilikuwa kwamba nembo ina thamani mradi tu mnunuzi aamini kuwa nyuma yake kuna kitu cha kweli.

LISEMWALO LIPO

Tetesi za kampuni moja kumezwa na nyingine hazikuwa ngeni nchini humo, kwani mara nyingi zilitimia. Mwaka 1976 Nissan ilichukua kiwanda cha Volkswagen huko Clayton, Melbourne. Mwaka 1980 Mitsubishi ilitwaa Chrysler Australia pamoja na kiwanda chake cha Tonsley Park, Adelaide. Nissan yenyewe iliacha kuunda magari nchini humo mwaka 1992.

Fununu ziliendelea kuzagaa katika muongo wa kwanza wa karne hii. Mwaka 2004 mshirika mkuu wa Mitsubishi, DaimlerChrysler, alikataa kuiongezea fedha. Tangu hapo, wafanyakazi wa Adelaide waliishi wakisubiri habari mbaya. Kampuni ilizindua gari jipya, Mitsubishi 380, mnamo 2005, lakini halikuuzwa ilivyotarajiwa. Machi 2008 milango ya Tonsley Park ilifungwa.

Mwaka 2006 ilikuwa zamu ya GM yenyewe. Bwanyenye Kirk Kerkorian, mmoja wa wenye hisa wakubwa, alishinikiza kampuni hiyo iungane na Renault na Nissan. Mazungumzo yalivunjika mwezi Oktoba mwaka huo.

Pigo kubwa zaidi lilikuja Juni 2009, GM ilipoomba kulindwa na mahakama za Marekani dhidi ya waliokuwa wakiidai. Holden ilinusurika, lakini si bila jeraha. Ilikuwa imeanza kuuza Commodore nchini Marekani kwa jina Pontiac G8. Wakubwa wa Detroit walipoamua kuizika Pontiac, soko hilo la Holden lilizikwa nayo, ingawa gari lenyewe halikuwa na kosa.

SIKU MBILI ZA DESEMBA

Tukio linaloeleza vyema zaidi nguvu ya tetesi lilitokea mwaka 2013. Mwezi Mei Ford ilikuwa imetangaza kwamba ingefunga viwanda vyake ifikapo Oktoba 2016. Macho yote yakaelekezwa kwa Holden.

Mapema Desemba, shirika la utangazaji la ABC liliripoti kuwa GM ilikuwa imekwisha kuamua kuondoka. Jumanne, Desemba 10, mkuu wa Holden Mike Devereux aliiambia tume ya serikali iliyochunguza sekta hiyo kwamba hakuna uamuzi uliokuwa umefanywa. Siku iyo hiyo, bungeni, Waziri wa Fedha Joe Hockey aliitaka kampuni hiyo iseme wazi iwapo ilikuwa inabaki au inakwenda.

Jibu lilikuja Jumatano. GM ilitangaza kuwa Holden ingeacha kuunda magari Australia ifikapo mwisho wa 2017, na watu wapatao 2,900 wangepoteza kazi. Februari 2014 Toyota nayo ilitangaza kufuata njia hiyo.

Hata baada ya hapo, matumaini hayakufa mara moja. Mfanyabiashara wa Ubelgiji, Guido Dumarey, alitaka kukinunua kiwanda cha Holden huko Elizabeth, kaskazini mwa Adelaide, ili aendelee kuunda magari kutokana na Commodore. Mazungumzo hayo yaliambulia patupu mwaka 2016.

Falcon ya mwisho ilitoka kiwandani Oktoba 7, 2016. Toyota ilifunga kiwanda chake cha Altona Oktoba 3, 2017, na Commodore ya mwisho ikaundwa Elizabeth Oktoba 20 mwaka huo.

KILICHOVIUA VIWANDA

Sababu zilikuwa nyingi. Ushuru wa magari ya kigeni, uliokuwa asilimia 57.5 katikati ya miaka ya themanini, ulikuwa umeshuka hadi asilimia 5 kufikia 2010. Mkataba wa biashara huru na Thailand, ulioanza 2005, ulifungua mlango kwa pikapu za bei nafuu. Thamani ya dola ya Australia ilipanda hadi ikaipita ile ya Marekani, hivyo kuuza nje kukawa ghali.

Isitoshe, ladha za wanunuzi zilibadilika. Wengi waliyaacha magari mapana ya familia, wakachukua madogo au yale yaliyoinuka. Holden na Ford zilizidi kunolewa kwa ajili ya kushindana zenyewe kwa zenyewe, wakati Toyota ikiongoza mauzo kila mwaka tangu 2003. Vita vya panzi, wahenga walisema, ni furaha ya kunguru.

Aidha, matawi hayo hayakuwa huru kujitafutia soko. Holden iliuza magari yake katika nchi za Ghuba kwa nembo ya Chevrolet, na Toyota ilisafirisha Camry nyingi za Altona huko huko. Lakini Falcon za miaka ya mwisho hazikuundwa kwa usukani wa kushoto, hivyo masoko mengi ya dunia yalikuwa yamefungwa kwake. Makao makuu hayakutaka zishindane na magari yao mengine.

KILICHOSALIA

Februari 17, 2020, GM ilitangaza kuifuta nembo ya Holden kama sehemu ya kuyaacha masoko ya magari yenye usukani wa kulia. Mkondo huo uligusa Kenya pia, kwani mwaka 2017 GM iliiuzia Isuzu hisa zake za asilimia 57.7 katika General Motors East Africa. Hata hivyo, kiwanda cha Barabara ya Mombasa, Nairobi, kilipata mwenye mali mpya na kikaendelea na kazi. Kile cha Elizabeth hakikubahatika hivyo.

Ford ilibakisha wahandisi wake Australia. Pikapu ya Ranger, inayoonekana pia katika barabara za Afrika Mashariki, ilibuniwa huko ingawa huundwa Thailand na Afrika Kusini. Mwaka 2023 ndiyo iliyouzwa kwa wingi zaidi Australia.

Huko Bathurst mbio zingali zinafanyika. Ford ilileta Mustang mwaka 2019, na mwaka 2023 Chevrolet Camaro ikachukua nafasi ya Commodore. Wazee waliozomea gari la Japani mwaka 1992 walijikuta mwaka huo wakishangilia magari yenye majina ya Kimarekani matupu. Wafanyakazi wa Geelong na Elizabeth ndio waliolipa gharama ya kugundua kuwa nembo walizozipenda hazikuwa zao.