Kiganja Kilichochelewa Siku 7

Tarehe 22 Novemba 1963, saa chache baada ya Rais Kennedy kuuawa Dallas, Luteni J. C. Day wa polisi wa huko aliifungua bunduki iliyopatikana ghorofa ya 6. Chini ya mtutu, mahali panapofunikwa na mbao, akaona alama ya kiganja. Akaibandua kwa utepe.

Usiku huo bunduki ikapelekwa Washington. Sebastian Latona, mtaalamu wa FBI, akaikagua: hakuna alama ya maana, wala dalili kwamba kitu kilibanduliwa. Utepe wenyewe uliwafikia FBI tarehe 29. Oswald ashazikwa.

Hapo ndipo stori huanza. Wengine husema polisi waliitoa alama kwenye karatasi za kituoni. Hilo mimi sikubali, maana mwaka 1964 FBI walikuta kasoro za chuma kwenye utepe zikilingana na za mtutu. Wengine husema bunduki iligusishwa mkono wa maiti. Sioni ushahidi, lakini kasoro za chuma hazisemi kiganja kiligusa lini. Na Day, jamani, hakuipiga picha alama ile kabla ya kuibandua.