Bati jembamba, mataruma dhaifu: nyambizi ya Wilhelm Bauer

Ukishuka mita 10 chini ya bahari, kila mita ya mraba ya chombo chako inaelemewa na tani 10 za ziada. Yaani kama tembo wawili wazima. Ndiyo maana anayejiundia nyambizi hapaswi kuanza na injini. Aanze na ganda: litahimili?

Wilhelm Bauer alipata jibu akiwa ndani ya chombo. Alikuwa fundi wa kukereza kutoka Bavaria, kisha askari wa mizinga. Mwaka 1850 Denmark ilikuwa imeziba bandari za Schleswig-Holstein kwa manowari, naye akabuni nyambizi ya kwenda kutega mabomu chini yake. Hela zilikuwa chache. Sehemu ya gharama ilitokana na michango ya askari wenyewe. Chombo, Brandtaucher, kiliundwa Kiel, urefu wa mita 8 hivi, kikiendeshwa kwa nguvu za watu.

Pesa zilipobana, wakaanza kupunguza. Mabati yakafanywa membamba. Mataruma, zile mbavu za ndani, yakadhoofishwa. Matangi ya farumi yakaachwa kabisa. Maji ya kuzamishia yakawa yanaingia tu chini ya sakafu.

Sasa angalia hesabu. Ukipunguza unene wa bati kwa nusu, ukakamavu wake haubaki nusu, unabaki sehemu 1 kati ya 8. Kazi ya mataruma ni kuligawa bati refu kuwa vipande vifupi visivyopinda kirahisi. Kwa hiyo bati likiwa jembamba, mataruma yanatakiwa yaongezwe na kukaribiana. Hapa vyote viwili vilipunguzwa kwa pamoja.

Tarehe 1 Februari 1851, Bauer alipiga mbizi bandarini Kiel na wenzake wawili, Friedrich Witt na Wilhelm Thomsen. Maji yasiyo na tangi yakakimbilia nyuma, chombo kikainamia tezi na kushuka mpaka chini. Ubavu ukabonyea, maji yakavuja, pampu ikazidiwa.

Kutoka je? Mfuniko wa nusu mita kwa nusu mita, kwenye kina cha mita 10, unakandamizwa na tani 2.5. Hakuna mtu wa kuusukuma. Bauer akawaambia wenzake jambo la kutisha: tuyaache maji yaingie. Maji yakiingia yanaibana hewa ya ndani mpaka ilingane na shinikizo la nje. Baada ya saa kadhaa mfuniko ukafunguka, na wote watatu wakaibuka hai.

Bauer hakukata tamaa. Mwaka 1855 aliunda nyingine Urusi, Seeteufel, iliyopiga mbizi zaidi ya mara 100. Brandtaucher yenyewe iliopolewa mwaka 1887, miaka 12 baada ya yeye kufariki, na leo ipo kwenye makumbusho ya kijeshi Dresden.

Watu hao waliokolewa na fizikia ileile iliyobonyeza ganda lao. Ila usitegemee bahati hiyo: taruma si kitu cha kuongeza hela zikibaki.